Vanderbilt 40, Alabama 35 (5 Oktoba 2024)

Jamani, sauti imenikauka. Vanderbilt, timu yetu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani hapa Nashville, imewafunga Alabama, namba moja kati ya timu za vyuo Marekani nzima! Mara ya mwisho kuwafunga ilikuwa 1984.

Watu watasema bahati. Hapana. Tazameni saa: kati ya dakika 60, Vanderbilt wamekaa na mpira dakika 42. Ushindi wetu umepatikana hapo. Diego Pavia, mrusha pasi wetu mkuu, kakamilisha pasi 16 kati ya 20, anasogea pole pole, yadi tatu, yadi nne, mpaka mabeki wa Alabama wakaishiwa pumzi. Ulinzi wetu bado unavuja, pointi 35 ni nyingi mno.

Mashabiki wameng'oa nguzo ya goli, wakaibeba mabegani hadi Mto Cumberland. Nilitembea nyuma yao nikilia kwa furaha.