Umeme wa kugandisha barafu

Mimi ni mzaliwa wa London. Nikisema hivyo kazini Minnesota, Marekani, wenzangu hushangaa lafudhi yangu imepotelea wapi, nami huwaacha wahangaike kidogo kabla ya kuwaambia kuwa London yetu iko Nakuru, chini ya volkano ya Menengai, jirani na jaa la Gioto.

Sasa niko nyumbani likizo. Juzi jioni nilikuwa na mjomba kwenye benchi Nyayo Gardens, tunatafuna njugu, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza tangu nishuke kwenye ndege. Wengine wote ni mshahara na baridi. Yeye alisema, "Mama, huko kwenu stima ya kanjo nani hulipa?"

Mjomba alikuwa fundi wa umeme wa kanjo, yaani baraza la mji, enzi za madiwani na meya, kabla kaunti hazijaanza 2013. Ngazi begani, balbu mfukoni. Mpaka leo hawezi kupita chini ya nguzo bila kuinua macho.

Bahati nzuri jibu nilikuwa nalo. Mwezi wa kumi nilihudhuria kikao cha baraza la mji ninaoishi, viungani kaskazini mwa Minneapolis. Sehemu hizo Wakenya tumejaa. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa katika bunge la jimbo. Lakini jioni ile Mkenya nilikuwa peke yangu, nimevaa sare ya kazi kwa sababu nilikuwa naingia zamu ya usiku. Kilichonipeleka ni bembea. Uwanja wa watoto karibu na kwetu ulikuwa umeng'olewa bembea ukaachwa minyororo mitupu, na mwanangu alikuwa ananiuliza kila Jumamosi kama mimi ndiye mwenye mji.

Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake faili nene. Sheria ya Minnesota inataka angalau nakala moja ya karatasi wanazosoma wajumbe iwe humo ukumbini, yeyote aifungue. Nikaifungua. Bembea sikuiona upesi, lakini niliona gharama za umeme zimepangwa jengo kwa jengo: maktaba, kituo cha zimamoto, karakana, na juu ya zote, ukumbi wa barafu. Majengo ya umma jimboni yana mfumo wa pamoja uitwao B3, unaoingizwa matumizi ya nishati mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo jengo linalokula stima kupita kiasi linajulikana upesi, kama vile mtoto mtoro darasani.

"Ukumbi wa nini?" mjomba akauliza.

Wa barafu, wa watoto kutelezea na kucheza hoki. Chini ya sakafu kuna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa na mitambo, na juu yake barafu ya sentimita chache tu, uwanja wa kama mita 61 kwa 26.

"Na nje baridi inafika wapi?"

"Januari inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri."

Alicheka hadi njugu zikamwagika. Watu wanalipa stima kugandisha maji Minnesota! Nikamweleza kuwa barafu inatakiwa mapema kabla ya majira ya baridi na ibaki hata baada yake, tena iwe laini, na kwamba watazamaji ndani wanataka joto. Tatizo la mwaka huu lilikuwa mtambo wenyewe: unatumia gesi ya kupozea iitwayo R-22, ambayo tangu 2020 haitengenezwi wala kuingizwa Marekani, kwa hiyo ukivuja unajazwa kwa gesi ya akiba, na akiba ina bei yake. Mhandisi alipendekeza mtambo mpya ambao joto unalolitoa lisitupwe nje, bali lipashe vyumba vya kubadilishia nguo na kuyeyusha theluji inayokwanguliwa uwanjani.

Mjomba aliacha kucheka. "Kwa hivyo friji ndiyo jiko," alisema, na nikajua amenielewa kuliko wajumbe wawili watatu waliokuwa wakichungulia saa.

Walipitisha mtambo na balbu za LED. Sola ilijadiliwa mbio mbio. Kuna sheria ya 2022 inayoirudishia miji sehemu ya gharama za sola kwa pesa taslimu, lakini ile iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka mwisho: ujenzi uanze kufikia tarehe 4 Julai 2026, la sivyo mitambo iwe inafanya kazi kabla 2027 haijaisha. Mkandarasi wa haraka mjomba anamfahamu, hilo halikuhitaji maelezo.

Msinione nasifu tu. Upande wa bustani, karibu saa nzima iliishia kwenye pickleball, mchezo wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu, kwa sababu jirani mmoja alisema ule mlio wa *tok, tok* unamtoa akili. Kila msemaji alipewa dakika tatu na wazee waliokuja kusema walizitumia zote, wengine wakisoma kwenye karatasi. Bembea yangu ilipita ndani ya furushi la mambo yasiyojadiliwa, yanayopigiwa kura kwa pamoja. Sekunde chache! Nami nilikuwa nimeiandalia hotuba. Na bili ya mtambo itarudi kwetu kwa kodi ya nyumba. Hata sisi wapangaji, mwenye nyumba hawezi kuisahau.

"Hiyo faili," mjomba akarudia, "mtu yeyote anafungua?"

"Yeyote."

Alinyamaza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sheria ya miji na majiji ya 2011 inampa mkazi nafasi ya kuuliza na kutoa maoni. Nyuma ya ukingo wa Menengai kuna kiwanda cha umeme wa mvuke wa ardhini cha megawati 35 kilichowashwa 2023. Mvuke ule unaingia gridi ya taifa, si mtaani kwetu moja kwa moja, hilo najua. Ila mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu iliyo karibu na lango la mama haijawaka tangu nifike, na kila jirani ana maelezo yake: balbu, waya, deni. Mjomba anasema angekuwa na karatasi moja tu yenye nambari ya mita ya nguzo ile, angejua kabla ya chai kupoa.

Nikaanza kukusanya maganda, giza lilikuwa karibu na mama hapendi nichelewe. Mjomba alikuwa amegeuza risiti ya njugu na kuomba kalamu yangu. Alichora njia za bustani, kisha nukta kila palipo na nguzo.

"Twende basi, mjomba."

"Keti, mama. Saa moja haijafika. Nitajuaje ni zipi zinawaka?"