Msimu wa Michigan wa 2023, kama nilivyouona

Nilipokuja kusoma Ann Arbor sikuujua kabisa mpira wa Kimarekani, lakini msimu wa 2023 wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan uliniingia moyoni moja kwa moja. Tarehe 25 Novemba nilikuwa uwanjani miongoni mwa watu zaidi ya 110,000, vidole vikiwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, wakati Rod Moore, mlinzi wa Michigan, alipoinasa pasi ya wapinzani wetu, chuo kikuu cha Ohio State, zikiwa zimebaki sekunde 25, na tukashinda 30 kwa 24. Mzee mmoja asiyenijua alinikumbatia huku akilia. Kocha mkuu Jim Harbaugh hakuwapo, kwani alikuwa akitumikia adhabu, na kwa maoni yangu hilo liliupa ushindi ule uzito mkubwa zaidi. Siku ya Mwaka Mpya, katika nusu fainali, Michigan waliitoa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama 27 kwa 20 katika muda wa nyongeza, kisha tarehe 8 Januari 2024, mjini Houston, wakaishinda Washington 34 kwa 13 na kutwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza mchezo hata mmoja kati ya 15. Nilimpigia mama simu Morogoro, kwao kukiwa kumekwisha kucha, naye akapiga vigelegele kabla sijamaliza kueleza.