Jinsi tulivyozuia lori kuondoka vibarua wakiwa bado juu

Kiwandani kwetu Njiro, hapa Arusha, mahindi yanaingia na unga unatoka kwa mlango mmoja. Kilichoninyima usingizi ni hiki: dereva akisikia bodi ya lori imegongwa, anadhani mzigo umekamilika, anaondoa gari huku vibarua wakiwa bado juu na mifuko mabegani. Mashine zinavyonguruma, hata ukipaza sauti hakuna anayekusikia.

Dawa ikawa ufunguo. Lori likishaegeshwa, dereva anazima injini, anavuta hendibreki, anamkabidhi mtunza stoo ufunguo. Utingo anaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi. Ufunguo haurudi mpaka mtunza stoo ahesabu mifuko, aone kwa macho yake kwamba wote wameshuka, kisha asaini hati ya mzigo. Madereva walinuna mwanzoni, na nawaelewa, wana haraka ya safari. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde walioko kazini, na kwangu kibarua wa siku ndiye wa kwanza, maana ndiye husahaulika.

Foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, tuliichorea njia ya njano sakafuni. Kupokea ni asubuhi, kutoa ni mchana.