Mume wangu ndo mnywaji ila aliyeanza kwenda kwa mshauri ni mimi

Miaka sita nimeishi na mtu anaekunywa kila siku, na kama kuna kazi niliifanya kwa bidii hiyo miaka yote ni kumzuia asinywe. Nimemwaga pombe kwenye sinki, nimechora alama kwenye chupa kwa kalamu nijue imepungua kiasi gani, nimepekua makoti, nimepiga simu kazini kwake asubuhi nasema ana homa, nadhani bosi wake alishajua hakuna mtu mwenye homa nyingi kama huyu duniani. Akirudi usiku kalewa tunagombana mpaka saa nane, yani mi nagombana yeye anasinzia, kesho yake hakumbuki hata neno moja ila mi nakumbuka yote.

Kosa langu kubwa naomba nilitaje mapema ili mwingine asije akalirudia. Kuna wikiendi nilipanga na shemeji yangu tukamfungia ndani, tukachukua funguo na simu, tukasema siku tatu tu pombe itamtoka mwilini. Jioni ya kwanza mikono ikaanza kutetemeka, jasho mpaka shuka linalowa, tukasema arosto hiyo itapita. Usiku wa pili akakakamaa ghafla akadondoka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Hospitali ndo daktari akatwambia kwamba mtu ambae mwili ushazoea pombe kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi kuna wanaochanganyikiwa kabisa wanaona vitu ambavyo havipo, na hiyo hali isipotibiwa inaua. Mi miaka yote naogopa pombe itamuua kumbe nilikaribia kumuua mimi kwa kumuachisha! Wakampa diazepam, dawa ya kutuliza, wakawa wanaipunguza taratibu, na sindano za vitamini B1 kwasababu wanywaji wa muda mrefu huwa inawaishia na ikiisha ubongo unaharibika. Akakaa siku sita, akatoka anang'aa, akaapa kwa kila kitu. Siku ya tisa akanywa.

Nilivorudi kuchukua dawa zake nesi mmoja akaniangalia akasema dada, kuna mshauri nasaha hapa chini, kama yeye hataki nenda wewe. Nilikasirika kweli, mi sinywi, nikashauriwe nini? Nikaenda kwa hasira hivohivo.

Swali la kwanza la yule mama halikuwa la pombe, aliniuliza kama mume wangu huwa ananipiga au natishika nikiwa nae peke yangu. Nikasema hapana. Akanieleza ningesema ndio tungeanza na usalama wangu na watoto kwanza, sababu mbinu anayotaka kunifundisha inabadilisha mambo ndani ya nyumba na mtu mgomvi anaweza kukujibu kwa ngumi. Alafu akauliza, we unalala saa ngapi. Hapo nikalia mpaka kikao kikaisha, ndo kikao changu cha kwanza kilivokuwa.

Hiyo mbinu inaitwa CRAFT, aliibuni mwanasaikolojia wa Marekani Robert Meyers, na inafundisha familia sio mnywaji. Kuna utafiti wa 1999 walilinganisha njia tatu kwa familia ambazo mnywaji wao amegoma matibabu: waliofundishwa hii, 64 kati ya kila 100 walifanikiwa kumuingiza mtu wao kwenye matibabu, wale wa kumuweka kikao cha kushtukiza familia nzima 30, na walioelekezwa kwenye njia ya Al-Anon, vile vikundi vya ndugu wa wanywaji, 13. Ila tusiwaonee Al-Anon, wao lengo lao sio kumpeleka mtu hospitali, lengo lao ni wewe upate amani yako hata kama yeye anaendelea kunywa, na kuna watu hicho ndo wanachohitaji.

Kazi ya kwanza nilipewa daftari. Niandike anakunywa lini, na nani, kabla ya hapo alikuwa na hali gani, na ile pombe inampa nini. Hilo la mwisho lilinikera, inampa nini kwani, inampa ulevi! Lakini baada ya wiki mbili daftari lilionesha jambo ambalo miaka sita sikuliona, kwamba siku za mikutano kazini anakunywa mara mbili ya kawaida, na jumamosi asubuhi hagusi kabisa mpaka mchana nyumba ikiwa na makelele. Basi jumamosi asubuhi ndo ukawa muda wangu. Akiwa mzima nakaa nae, tunaongea mambo ya kawaida tu, tunatoka na watoto, namwambia nafurahi ukiwa hivi. Akilewa sigombani, silii, naenda chumba kingine nafunga mlango. Na zile simu za homa zikafa, kazini apige mwenyewe.

Kusema ni rahisi bana. Usiku mmoja alilala kwenye korido na viatu vyake, zamani ningemvua, ningemsafisha, ningemburuta mpaka kitandani. Mshauri alishaniambia nihakikishe tu kalala ubavu asije kupaliwa na matapishi, anapumua vizuri na ukimuita anaitika, zaidi ya hapo nimuache aamke alipoangukia. Niliamka kumuangalia kama mara nane. Asubuhi alijikuta pale sakafuni na mtoto anamruka aende chooni, hakuna aliyemsema.

Wiki ya kumi hivi akaniuliza huyo mshauri wako anasema nini kuhusu mimi. Nikamjibu ukweli, hatukuongelei sana. Nadhani hilo lilimchoma kuliko matusi yangu yote ya miaka sita, jumatatu akaenda.

Kule akajazishwa yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, AUDIT, ambayo ukifika alama 20 kati ya 40 wanakuchunguza kama ushakuwa tegemezi, yeye akapata 26. Ila anasema kilichomkamata ni swali dogo tu, kwamba kutoka 0 mpaka 10 kuacha pombe kuna umuhimu gani kwako, akasema 4. Alikuwa kajiandaa kuulizwa mbona ndogo, yule mama akauliza mbona sio 1? Akajikuta anaanza kujitetea kwanini aache, anataja watoto, anataja kile kifafa, anataja aibu ya korido, maneno yote ambayo mi nikiyasema anayakataa. Mara hii aliachishwa pombe chini ya daktari, akawekwa kwenye naltrexone ambayo inapunguza ile raha ya pombe, na kila wiki kikao. Alijaribu vikundi vya AA pia, vya wanywaji wanaosaidiana kuacha, hakuvipenda, anavyopenda mwenzie ni vya mwenzie, sikubishana.

Mwezi wa saba akarudia. Sio kwa huzuni, alipandishwa cheo! Tulijipanga kwa ugomvi, kwa msiba, kwa mawazo, furaha hatukuifikiria. Akanywa moja, akajiambia nishaharibu bora nimalize, akamaliza siku mbili. Mshauri hakumlaumu, alimuuliza tu ile dakika kati ya glasi ya kwanza na ya pili ulijiambia nini, wakaifanyia kazi hiyo dakika vikao vitatu. Sasa akipata hamu anatoka kutembea nusu saa, anasema inakuja kama wimbi na huwa inashuka.

Kikao kigumu zaidi kwangu kilikuwa cha watoto. Binti yetu ana miaka tisa, aliulizwa baba akirudi we huwa unafanya nini, akasema nasikiliza funguo. Akaeleza kabisa, ikiingia mara moja kwenye tundu baba mzima, ikikwaruza kwaruza naenda kulala na mdogo wangu. Mi sikuwa najua. Baba yake aliangalia sakafu muda wote.

Saivi ana mwaka na miezi minne hajanywa toka ile mara aliyorudia. Mtoto bado anasikiliza, naona akisikia hatua nje anaacha kuandika. Kwahiyo baba yake siku hizi akifika mlangoni, kabla hajatoa funguo mfukoni anamuita jina kwa nje, kwa sauti, anasubiri mpaka aitikiwe ndo afungue.