Nilivyokwenda Thailand kufundisha Kiingereza bila kuficha kuwa mimi ni Mkenya

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa niseme natoka Afrika Kusini. Wa pili, nibane pua niongee kama Mmarekani. Wa tatu, nivue mtandio kwenye picha ya kuombea kazi. Walionishauri walikuwa watu wanaonitakia mema, wengine walimu wenzangu, na wote walikosea. Nafundisha Kiingereza Udon Thani, kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa jina langu, kwa pasipoti yangu ya Kenya na kwa mtandio wangu. Naandika kwa sababu kila mara nakutana na dada au kaka wa Pwani anayeniuliza njia, na anakuja ameshalishwa maneno yaleyale.

Hilo la Afrika Kusini lina asili yake. Korea Kusini hutoa viza ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Basi watu wakadhani Asia yote ni hivyo. Sivyo. Thailand haina orodha kama hiyo. Shule nyingi huandika kwenye matangazo kwamba zinataka mzawa wa Kiingereza, na wako wakuu wa shule wasiotaka kusikia kingine, lakini wanachotaka wenye sheria ni shahada, cheti cha tabia njema, na kwa sisi tusiohesabiwa kuwa wazawa wa lugha hiyo, matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Tena uongo wa uraia unakufikisha wapi, ikiwa kitu cha kwanza utakachoombwa ni ukurasa wa pasipoti wenye picha yako?

Mimi nilisomea ualimu, Kiingereza na fasihi, kisha nikafundisha Kwale kwa mkataba wa bodi ya shule. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini, ubao mmoja, na vitabu vya kugawana. Nilipoanza kutuma maombi Thailand, majibu hayakuja. Wakala mmoja wa Bangkok ndiye aliyejibu, akaniandikia wazi kwamba wazazi wanapenda kuona uso mweupe getini asubuhi. Niliumia, sitaficha. Lakini jibu lake lilinionyesha kwamba karatasi yenye picha yangu na orodha ya vyeti haitanivusha, kwa sababu anayeisoma anaishia kwenye picha. Ilibidi waone kazi yenyewe.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba ruhusa ya kurekodi kipindi. Akakubali kwa sharti kwamba wazazi waarifiwe na majina ya watoto yasitajwe. Rafiki yangu akashika simu nyuma ya darasa. Sikutafuta darasa la wachache waliochaguliwa, wala sikukodi projekta. Nilichukua vyombo vya jikoni kwa mama: ungo, kata, kifumbu, na mbuzi ya kukunia nazi. Nikaviweka mezani, nikaita watoto wawiliwawili, mmoja anafanya kazi, mwingine anaeleza kwa Kiingereza mwenzake anafanya nini wakati huo. Anakuna nazi. Anachuja tui. Anapepeta mchele. Darasa zima linasahihisha kwa pamoja. Mtoto aliyekaa kwenye mbuzi alikuwa msichana asiyependa kusema, na siku hiyo alisema sentensi ndefu kuliko zote. Nikakata video ikabaki dakika chache, nikaiweka juu kabisa ya kila ombi, kabla ya barua, kabla ya vyeti.

Hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Msimamizi wa somo katika shule moja ya serikali ya Udon Thani alinipigia kwa video, na swali lake la kwanza halikuhusu sarufi. Aliuliza kuhusu kile kigoda cha nazi. Bibi yake alikuwa nacho kama kile, kwao kilichongwa umbo la sungura. Tukazungumza nazi kwa muda mzuri. Kisha akasema darasa lake lina wanafunzi arubaini na kitu, na kwamba walimu wa kigeni waliopita walikuwa wakiomba madarasa madogo. Mimi nilikuwa nimeshamwonyesha hamsini. Mtandio wangu, ambao niliambiwa utanifukuzia riziki, hakuugusa hata kwa neno. Thailand ina Waislamu wengi mno, hasa mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat, na mwalimu aliyejifunga mtandio si kitu cha ajabu kwao.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu hayana siri. Cheti cha tabia njema unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Mtihani wa Kiingereza: matangazo mengi hutaja TOEIC, alama 600 kati ya 990, mimi nilifanya mwingine, IELTS, Nairobi, ni ghali, lakini ufanye kabla hujaulizwa, maana ukiambatisha matokeo tangu mwanzo, yule anayesita kuhusu Kiingereza cha Mkenya anakosa la kusema. Kitu cha kukusumbua ni barua ya chuo kuthibitisha kwamba shahada ni yako kweli. Hiyo ianze kuifuatilia leo, usingoje kazi. Chuo changu kilinizungusha hadi nikakaa kwenye benchi la masijala na chakula changu, na barua ikatoka siku hiyo.

Nikiwa naingoja hiyo barua, mjomba wangu akanikutanisha na wakala jijini Nairobi. Mtu mpole, ofisi safi, chai na maandazi. Kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, mshahara karibu mara mbili ya ile niliyokuwa naiona kwenye matangazo, nyumba bure, safari upesi kwa viza ya utalii, na viza ya kazi ingeshughulikiwa hukohuko. Ada yake ilikuwa ya mtu kuuza shamba, na mjomba alikuwa ameshaanza kuwataja ng'ombe wa kuuza.

Nikamuuliza jina la shule. Nitaambiwa nikifika. Nikaomba nakala ya leseni ya shule. Hayo ni mambo ya ofisi. Nikauliza iko mji gani. Hapo akajibu bila wasiwasi: mkoa unaitwa Tak, gari litanipokea uwanja wa ndege na kunipeleka moja kwa moja. Nikafungua ramani kwenye simu mbele yake. Mji wa mpakani katika mkoa wa Tak ni Mae Sot, na ukivuka mto Moei uko Myawaddy, nchi ya Myanmar. Huko ndiko kwenye makambi yenye ulinzi ambako vijana kutoka nchi nyingi, Wakenya na Waganda wakiwemo, wamefungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilionya waziwazi juu ya kazi za uongo za Asia ya Kusini Mashariki, na mwaka 2025 Wakenya wengine wengi wakatolewa kwenye makambi hayo.

Zipo shule za kweli Tak, na zipo nzuri. Lakini shule ya kweli ina jina, ina leseni, na ina simu ya mezani inayopokelewa na mtu. Nikasimama nikamwambia mjomba kwa adabu zote, "Mjomba, shikamoo, ng'ombe wabaki zizini." Hakunisemesha njia nzima hadi Mombasa. Baadaye, taarifa za wale vijana ziliposikika redioni, alinipigia simu mwenyewe.

Kwa hivyo kama utasahau yote, hili lishike: usipande ndege kwenda kufundisha kwa viza ya utalii. Shule iliyokuajiri inakutumia barua ya mwaliko, mkataba na nakala za leseni yake, wewe unaomba viza ya aina ya B, ambayo si ya uhamiaji wa kudumu, ukiwa bado Kenya. Inakuingiza kwa siku 90. Ndani ya siku hizo shule inakutolea kibali cha kazi, kisha Uhamiaji wanakuongezea hadi mwaka. Kando ya hayo kuna Baraza la Walimu la Thailand, wenyewe wanaliita Khurusapha, ambalo shule huliomba likupe ruhusa ya muda ya kufundisha, ya miaka miwili. Mwenye shahada ya ualimu kama mimi ana kazi ndogo mbele ya baraza hilo kuliko mwenye shahada ya biashara, na ndiyo maana nashangaa walimu wetu waliosomea kazi hii wanapoachia wengine nafasi.

Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usijiunge na foleni ya uhamiaji kwanza. Tafuta meza ya afya, waonyeshe kadi ya njano, wakugongee, ndipo uende kwenye foleni. Niliona abiria tuliotoka nao Nairobi wakisimama foleni ndefu kisha wakirudishwa nyuma.

Fedha. Tiketi ya kwenda ilikuwa kama laki moja za Kenya, na kitu juu. Mtihani, chanjo, viza, nakala na mihuri vikala kama nusu ya hiyo. Mwaka wa masomo huanza katikati ya Mei, na mshahara wa kwanza unauona mwisho wa mwezi au zaidi, huku mwenye chumba anataka kodi na amana ya miezi miwili siku ya kwanza. Nilikopa kwenye chama cha mama yangu na nimeshalipa. Matangazo ya shule za serikali mikoani hutaja baht 25,000 hadi 35,000 kwa mwezi. Mimi nilianzia katikati hapo, ambayo ni zaidi ya laki moja za Kenya, na chumba changu cha Udon Thani ni baht elfu nne hivi pamoja na maji. Wako wanaowapa Waafrika na Wafilipino chini ya wenzao kwa kazi ileile. Waulize waziwazi wanalipaje wengine; niliuliza kabla ya kutia sahihi, na kiasi kikapanda.

Sasa darasani, ambako ndiko najivunia hasa. Kithai hukubali sauti chache tu mwishoni mwa silabi. S ya mwisho hugeuka t, l ya mwisho hugeuka n, na k na p humezwa midomoni zisisikike. Wanafunzi wangu walisoma vizuri na hawakueleweka. Mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza hujua kwamba mwanafunzi amekosea. Mimi najua ulimi wake umekwama wapi, kwa sababu wangu uliwahi kukwama jirani na hapo. Sisi silabi zetu huishia kwa irabu, na tulipokuwa wadogo kila neno la Kiingereza tulilibandika i au u mwishoni. Kilichotusaidia ni mwalimu mmoja wa Kwale aliyetufundisha kuihamisha ile konsonanti ya mwisho ikae mwanzoni mwa neno linalofuata.

Nikaichukua mbinu hiyo nzimanzima. Mthai anaweza kusema k vizuri sana mwanzoni mwa silabi, na s pia. Kwa hiyo sikuwapa maneno peke yake, niliwapa jozi ambazo neno la pili linaanza kwa irabu. "Like a" wakaisoma "lai-ka". "Bus is" wakaisoma "ba-siz". "Keep it" ikawa "ki-pit". Tukapiga makofi kwa kila silabi, darasa zima, hadi mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Baada ya wiki kadhaa za kuunganisha, nikaanza kulichelewesha lile neno la pili kidogo kidogo, kisha nikaliondoa, na s ikabaki mahali pake. Mkuu wa idara alikaa nyuma akasikiliza kipindi kizima, kisha akaniomba niwafundishe walimu wenzangu wa Kithai jioni baada ya masomo. Nimefanya hivyo, na wengine sasa wanaitumia kuliko mimi.

Chakula watu walinitisha nacho bure. Nguruwe yuko kila kona, kweli, lakini wako samaki wa kuchoma, mayai, wali wa kunata, na papai bichi linalotwangwa na pilipili na ndimu. Embe bichi na chumvi ya pilipili linauzwa barabarani kama kwetu, na tuktuk nazo zinapita. Bidhaa za dukani zina alama ya halali, iangalie nyuma ya pakiti. Saa mbili asubuhi shule yote husimama kwa wimbo wa taifa na bendera, uwepo uwanjani. Mwezi wa Juni kuna siku ya kuwaheshimu walimu, wai khru, wanafunzi wanapiga magoti na kuleta maua yaliyopangwa kwenye sinia. Kwa aliyelelewa na shikamoo, heshima hiyo haikuwa ngeni, ila machozi yalinitoka.

Kila baada ya siku 90 unaripoti Uhamiaji anwani yako. Na kabla hujatoka nchini hata kwa siku mbili, lipia kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa mara moja. Vientiane, mji mkuu wa Laos, uko karibu nasi, unavuka daraja la Nong Khai tu, na mwalimu mwenzangu kutoka nchi nyingine alivuka bila kibali hicho akajikuta viza yake imekufa, akaanza kila kitu upya.

Wanaolenga muhula wa Mei, maombi yatumwe kuanzia Februari. Muhula wa pili unaanza Novemba, na nafasi zake hutangazwa Septemba na Oktoba. Ni chache, lakini waombaji nao ni wachache.