Siku moja maishani mwangu: kila uzi na fundo lake

Saa 11:20 alfajiri. Watu wameshatoka kuswali, Mji wa Kale wa Mombasa bado una giza. Kazi ya kwanza hufanyika ufukweni, chini ya taa, kabla mashua haijaguswa: kupapasa mishipi. Napitisha mita tatu za mwisho za kila uzi katikati ya kucha mbili. Nikihisi mkwaruzo hata mmoja, nakata kuanzia hapo. Nailoni iliyosugua tumbawe jana haiokolewi na fundo lolote, hata liwe limefungwa vizuri namna gani.

Leo kuna nyuzi tatu: nailoni ya milimita 0.90 ya kuvulia kwa mkono, uzi wa kusuka unaohimili kilo 23 kwenye rili, kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja uzi, na flurokaboni ya milimita 0.80 ya kufanyia lida, yaani kile kipande cha mbele kinachokaa na ndoana. Ukiziweka kiganjani zote ni nyuzi tu, ila kwenye fundo kila moja ina tabia yake. Nailoni hunyumbuka na kujibana yenyewe. Flurokaboni ni ngumu, na ikisuguliwa ikiwa kavu huungua. Uzi wa kusuka unateleza na haunyumbuki. Wengi hupoteza samaki kwa sababu hufunga zote fundo lilelile walilolizoea.

Saa 11:45. Nafunga ndoana za samaki changu kwenye nailoni. Klinchi, fundo la kuzungusha ncha kwenye uzi mkuu ambalo karibu kila mtu hulijua, linafaa nailoni nyembamba, ya milimita 0.50 kushuka chini, kwa mizunguko mitano au sita. Kwenye 0.90 mizunguko hiyo haikai. Inapandana, fundo linabaki na uwazi, na samaki akivuta linafunguka. Uzi mnene nauwekea fundo liitwalo Uni, mizunguko minne.

Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, irudishe sambamba na uzi mkuu, sentimita 15 hivi. Kunja ncha iwe kitanzi kinacholala juu ya nyuzi hizo mbili. Zungusha ncha ndani ya kitanzi mara nne, ikizibana nyuzi zote mbili pamoja. Lowesha. Vuta ncha polepole hadi mizunguko ilale ubavu kwa ubavu, ndipo uvute uzi mkuu fundo liteleze mpaka tunduni.

Neno "lowesha" wengi hulisikia na kulipita. Tazama fundo la flurokaboni likivutwa kavu: pale mizunguko inapokazana panatokea alama nyeupe, ndogo kama chembe ya chumvi. Hapo uzi umeungua, na ndipo utakapokatikia. Mate yanatosha. Mwezi wa Ramadhani nachovya fundo baharini, kazi ni ileile.

Kijana anayejifunza ananyoosha mkono na kikata kucha. "Ami, nikate ncha?"

"Bado. Lipe uzito kwanza."

Fundo jipya hunywa uzi kidogo linapovutwa kwa nguvu mara ya kwanza. Ukikata ncha mapema, kile kidogo kinachonywewa ndicho kilichokuwa kimelishikilia. Naingiza ndoana kwenye pete ya mashua, navuta kwa uzito wa mwili, ndipo nakata na kuacha milimita tatu.

Saa 1:15 asubuhi. Tumeipita Ngome ya Yesu na kutoka mlango wa bahari. Tunatia nanga pembeni mwa mwamba. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, silifungi kwa uzi mkuu. Nalifunga kwa kipande cha nailoni ya 0.50, chenye urefu wa mkono mmoja. Likinasa kwenye matumbawe hukatika kipande hicho peke yake, na ndoana mbili za juu hurudi zikiwa na changu wake. Anayefunga chubwi kwa uzi wa 0.90 huacha kila kitu chini.

Saa 3. Zamu ya rili na uzi wa kusuka. Hapa klinchi ni kosa, kwa kuwa uzi hauna kinachoushika na hujichomoa taratibu. Kuufunga moja kwa moja kwenye pete ya chambo cha chuma natumia fundo la Palomar: kunja uzi mara mbili, pitisha mkunjo kwenye pete, funga fundo la kawaida lililolegea kwa uzi huo ulio mara mbili, kisha pitisha chuma chote ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha, kaza. Hakikisha nyuzi mbili hazijapandana, maana ule wa juu utamkata mwenzake.

Lakini pembeni mwa mwamba lazima uwe na lida, na kiungo bora cha uzi wa kusuka na flurokaboni ni fundo liitwalo FG. Lida imenyooka, haizunguki popote. Uzi wa kusuka ndio unaoipita juu, kisha chini, mara kulia mara kushoto, ukipishana kama miyaa ya ukili. Pishano 20. Funga nusu fundo mbili zinazoshika vyote viwili, vaa glavu, kisha vuta lida huku na uzi mkuu kule kwa nguvu zako zote. Uzi ukiuma vizuri rangi yake hukolea. Isipokolea, haujauma, fumua uanze upya. Baada ya hapo kata ncha ya lida karibu kabisa, na umalizie na nusu fundo tano juu ya uzi mkuu pekee. Kiungo kinatoka chembamba, kinapita kwenye pete za fimbo bila kugonga.

FG halifungwi mashua ikiyumba na upepo ukipuliza. Kiungo kikikatika huku nje, natumia Uni mbili zinazotazamana: mizunguko minane upande wa uzi wa kusuka, minne upande wa lida. Ni nene zaidi, lakini inashika.

Saa 5. Nguru. Meno yake hayajali fundo lako ni zuri kiasi gani, kwa hiyo sentimita 40 za mbele ni waya. Waya haufungwi fundo, unasokotwa. Ncha zote mbili zipishane kwa usawa mara tano, kama herufi X. Ukiacha upande mmoja umenyooka na mwingine ukiuzunguka tu, utateleza. Malizia na mizunguko mitano iliyobanana, kisha vunja ncha kwa kuikunja mbele na nyuma. Ukiikata kwa koleo inabaki na mwiba utakaokuchana kiganja.

Saa 8 mchana. Tumerudi, samaki wameuzwa.

Saa 9:30. Sasa nasoma ncha za nyuzi zilizokatika leo. Ncha iliyojikunja kama parafujo: fundo liliteleza. Iliyokatika ghafla pale fundo lilipokaa, nyeupe na butu: lilikazwa kavu. Safi kama ya wembe: meno. Yenye manyoya na mikwaruzo kabla ya mkato: tumbawe. Mbili za kwanza ni makosa ya mikono yetu, na ndizo tunazorudia kuzifunga jioni.

Jaribio ni mtungi wa lita 20, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Nailoni ya 0.50 iliyoandikwa kilo 13 nailoweka kwanza saa nzima, sababu ikinywa maji hupungua nguvu, na baharini imelowa daima. Nafunga ndoana, natundika mtungi ukiwa na lita sita, kisha kijana anaongeza lita moja moja. Klinchi lake la kwanza limeachia kwenye nane, ncha imejikunja. La pili, lililoloweshwa na kukazwa taratibu, limefika kumi na moja.

Saa 12 jioni. Mishipi imesuuzwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na kuanikwa kivulini, maana jua hula nailoni. Kijana amebaki na mtungi, anafunga la tatu.