Nilivyoweka shabaha sawa kwenye shotigani yangu ya slagi

Niko Iowa, Marekani, mwaka wa sita sasa, na huku msimu wa kulungu wa Disemba wengi bado tunatumia shotigani zenye slagi, yani risasi moja nzito badala ya goroli, maana nchi ni tambarare, nyumba ziko katikati ya mashamba na risasi ya raifo inasafiri mbali sana. Mwaka wa kwanza nilimfyatulia kulungu aliyekuwa yadi 60 tu na sikujua nimemkosa au nimemjeruhi, nikazunguka kwenye mabua ya mahindi mpaka giza natafuta damu, sikuona hata tone. Usiku ule sikulala, mnyama kuteseka porini kwa sababu yangu sitaki kabisa.

Msimu uliofuata nikaanza Septemba. Bunduki ni Mossberg 500 geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mtutu una mifereji ndani na skopu, yani darubini ya kulengea, imefungwa juu yake. Kumbe kosa kubwa lilikuwa risasi, nilikuwa nachanganya slagi za mtutu laini usio na mifereji, ambazo ni za bei rahisi, na zile za saboti zenye ganda la plastiki. Mtutu wa mifereji unataka saboti, ile plastiki ndo inashika mifereji slagi itoke inazunguka. Ni ghali jamani, boksi lina tano tu, lakini nilinunua aina tatu nikazijaribu zote, aina moja matundu yakakaa pamoja, nikabaki nayo hiyohiyo. Ukibadili aina tu risasi inaenda kwingine hata kama skopu hujaigusa.

Mzee mmoja jirani yetu ndo alinifundisha, na kitu cha kwanza alishika skrubu za skopu, mbili zilikuwa zimelegea. Slagi inapiga teke kali, kwa hiyo kaza skrubu kabla hujapoteza risasi hata moja.

Tukaanza yadi 25, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Zamani nilikuwa napiga moja nazungusha skopu, napiga moja nazungusha tena, yani nakimbizana na risasi. Mzee akasema piga tatu, tafuta katikati ya matundu, ndo urekebishe. Skopu yangu kliki moja, yani mlio mmoja ukizungusha kifundo chake, inasogeza risasi robo inchi kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 50 ni nusu ya hapo, na kwa 25 inabidi kliki 16 kusogea inchi moja tu! Nilikuwa inchi 2 kushoto, kliki 32 kwenda kulia. Halafu yadi 50, nikapandisha mpaka ikapiga inchi 2 juu ya katikati, na kwa 100 ikashuka yenyewe karibu na katikati. Kila baada ya tatu tuliacha mtutu upoe.

Ila bado nilikuwa nashtuka kabla ya kufyatua. Mzee akawa ananichanganyia ganda la mazoezi lisilo na baruti bila mi kujua lipi ni lipi, likija hilo nikaona mwenyewe mtutu unavyoinama. Hapo niliumia lakini ndo nilipona, siku mbili tu za kufanya hivyo na mkono ukatulia.

Disemba akatoka jike kwenye miti, yadi 70 hivi, kasimama ubavu. Nikalenga nyuma ya bega, akakimbia hatua kama 30 akalala.